Lupango moja, milango miwili: jinsi ya kuomba ruhusa ya kujenga nyumba ya familia mbili



Kila kiangazi, mvua zikishakatika, mji wetu wa Lubumbashi unageuka kuwa uwanja wa mafundi. Tanuru za matofali zinatoa moshi pembezoni, lori za mchanga zinapita asubuhi na mapema, na baada ya ibada ya Jumapili kuna ndugu wanaobaki nyuma wakitaka kuonana na mchungaji. Swali lao linafanana. Baba ametuachia lupango. Tumebaki ndugu wawili, kila mmoja na mke na watoto, na pesa ya kupangisha nyumba inameza mshahara. Je, tunaweza kujenga nyumba moja yenye milango miwili? Serikali inadai nini? Na je, Mkristo anaweza kuipata ile karatasi bila kununua mtu?

Tunajibu kwa maandishi kwa sababu sisi wenyewe tumepita njia hiyo, na mwanzoni tulipita vibaya. Tunaposema “sisi” tuna maana ya ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja mchungaji na mwingine fundi wa umeme. Mtaona mbele kwamba hilo neno “sisi” ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Tulianza na msingi, tukamaliza na rangi nyekundu

Baba yetu alituachia lupango katika komini ya Kampemba, mita 20 kwa 25, yenye nyumba ndogo ya zamani ambamo mama yetu anaishi hadi leo. Tulikubaliana juu ya meza ya chakula: nyuma ya nyumba ya mama tutajenga nyumba mbili pacha, zenye ukuta mmoja katikati, kila familia na mlango wake, jiko lake na choo chake. Tulinunua matofali ya kuchoma, tukamwita fundi mwashi, tukachimba msingi. Ruhusa ya kujenga? Tulisema tutaitafuta baadaye. Jirani zetu wote walijenga hivyo, na lupango ni ya baba, nani atatuuliza?

Wiki ya tatu wakaguzi walifika. Waliomba kuona ruhusa, hatukuwa nayo. Waliandika kwa rangi nyekundu juu ya ukuta wetu mchanga kwamba kazi isimame. Jioni ile ile mtu mmoja alitupigia simu akisema kwamba kwa bahasha ndogo rangi hiyo itafutika. Tunakiri mbele yenu kwamba tulikaa usiku mzima tukihesabu bahasha hiyo ingekuwa na kiasi gani. Siyo uchaji wa Mungu tu uliotuzuia, ni pia kwamba pesa haikuwepo. Lakini asubuhi tuliona jambo ambalo hatukuliona usiku: bahasha ingefuta rangi, isingeleta karatasi. Mtu mwingine angekuja mwezi unaofuata na kopo lingine la rangi.

Kwa nini serikali ina neno juu ya lupango yetu?

Wakristo wengi wanauliza hivyo, na jibu linahitaji historia kidogo.

Nchini Kongo, sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 juu ya mali na ardhi inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi wala haipotezwi kwa kupita kwa miaka. Mwananchi anapewa haki ya kuutumia. Kwa Mkongomani, haki iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kudumu, inayorithiwa na watoto. Haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: cheti cha uandikishaji, ambacho watu wa mji wanakiita sertifika, kinachotolewa na konsevateri wa vyeti vya ardhi. Fishi ya komini, karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na mkubwa wa mtaa, risiti ya mwuzaji: hizo zinaonyesha njia uliyopitia, lakini haziko sawa na cheti. Na cheti kikishapita miaka miwili bila kupingwa, kinakuwa kigumu sana kutikiswa.

Ruhusa ya kujenga ni kitu kingine. Cheti kinasema udongo ni wa nani. Ruhusa inasema nyumba gani inaweza kusimama juu yake. Msingi wake ni wa zamani, dekreti ya tarehe 20 mwezi wa sita 1957 juu ya mipango ya miji, na utaratibu wa kuitoa ulipangwa upya na arete ya waziri ya mwaka 2013. Mtu aweza kuwa na cheti safi na bado nyumba yake ikavunjwa kwa kukosa ruhusa. Na mtu aweza kuonyesha ruhusa, lakini kama hana cheti, akapoteza nyumba na udongo pamoja.

Tunajua pia kwamba watu wetu hawaziamini sheria za mji, na wana sababu. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Wakoloni waliupanga kwa avenue zilizonyooka, wakaweka mtaa wa Wazungu upande mmoja, na mtaa wa Waafrika upande mwingine, na katikati wakaacha ukanda usiojengwa ili watu wasichanganyike. Kamalondo yetu ya leo, iliyokuwa ikiitwa Albert, ilizaliwa hivyo. Mpango wa mji ulikuwa ukuta kabla ya kuwa huduma. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966, lakini woga ulibaki: mtu wa Urbanisme akionekana kwenye avenue, watoto wanakimbia kuwaambia wazazi.

Hata ng’ambo mambo hayakuwa tofauti. Ndugu zetu wengi waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanatuandikia kwamba huko kuna mitaa ambayo sheria inakubali nyumba ya familia moja tu kwenye kiwanja kimoja. Mji wa Berkeley, katika California, uliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1916, na katika miji mingi ilisaidia kuwafungia mlango watu Weusi na maskini. Ni juzi tu mambo yameanza kugeuka: baraza la mji wa Minneapolis lilipitisha mwezi wa kumi na mbili 2018 mpango unaoruhusu hadi makao matatu kwenye kiwanja kilichokuwa cha familia moja, na jimbo la Oregon likafuata mwaka 2019 na sheria inayofungua njia kwa nyumba za familia mbili.

Kwa hiyo sheria ya ujenzi yaweza kutumika kumtenga jirani. Lakini yaweza pia kumlinda. Sisi tulijifunza jambo la pili kutoka kwa mzee aliyetupinga.

“Sikatai nyumba yenu, ninakataa shimo lenu”

Kazi iliposimama, tulisikia kwamba jirani wetu wa upande wa chini ndiye aliyekwenda kulalamika. Tunaona haya kuandika tuliyosema nyumbani siku ile. Tulisema ana wivu. Mmoja katika jamaa alisema neno zito zaidi, lile ambalo katika mitaa yetu linaharibu ujirani wa miaka thelathini kwa saa moja, na sisi hatukumkemea haraka kama ilivyotupasa.

Mama yetu ndiye aliyetutuma. “Nendeni mkapige hodi. Huyo alimzika baba yenu pamoja nanyi.”

Tulikwenda. Mzee alitupa viti, akatuletea maji ya kunywa, kisha akatupeleka nyuma ya nyumba yake. “Pasta, kunywa maji hayo uliyopewa,” alisema, “na uangalie yanakotoka.” Kisima chake kilikuwa karibu sana na ukuta. Upande wetu wa ukuta ule, hatua chache tu, tulikuwa tumechimba shimo la vyoo vya familia mbili. “Mimi sikatai nyumba yenu, wanangu. Ninakataa shimo lenu.”

Mnajua hali yetu. Bomba la REGIDESO halitoi maji kila siku, na katika mitaa mingi haliko. Watu wanakunywa visima. Mvua inaponyesha kuanzia mwezi wa kumi na moja, maji ya ardhini yanapanda na kukutana na mashimo ya vyoo. Kipindupindu siyo hadithi katika Katanga. Sisi tulikuwa tumepanga choo cha watu kumi na watatu juu ya maji ya mzee na wajukuu wake, na hatukujua, kwa sababu hakuna aliyetuchorea lupango yetu pamoja na lupango ya jirani kwenye karatasi moja.

Hiyo ndiyo kazi ya ule mchoro ambao ofisi ya Urbanisme inaudai, na ambao sisi tuliuona kuwa njia ya kula pesa ya watu. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mdogo, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Tumehubiri sura zile mara nyingi bila kusimama kwenye aya hiyo. Ni sheria ya ujenzi. Mungu aliyetoa Amri Kumi hakuona aibu kusema juu ya dari, kwa kuwa upendo kwa jirani una vipimo vyake vya mita.

Tulihamisha shimo upande wa avenue, mbali na visima vyote viwili. Mzee mwenyewe alituonyesha mahali ambapo udongo ni mgumu.

“Hiyo ‘sisi’ yenu ina watu wangapi?”

Tulipoanza faili upya, ofisi ilituuliza swali la kwanza: mwombaji ni nani? Tuliweka cheti mezani. Kilikuwa na jina la baba, na marehemu haombi ruhusa.

Tulirudi nyumbani kumwambia mama kwamba tutahamisha cheti kwenye majina yetu, sisi watoto wake. Mama aliendelea kuchagua mchele, kisha akauliza: “Mnasema sisi, sisi. Hiyo ‘sisi’ yenu ina watu wangapi?”

Tuna dada wawili, mmoja ameolewa Likasi, mwingine Kolwezi. Tuliwasahau. Siyo kwa chuki, bali kwa mazoea: tulidhani binti akiolewa ameondoka pamoja na sehemu yake. Lakini Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haisemi hivyo. Watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike, ni warithi wa daraja la kwanza na wanagawana sawasawa robo tatu za urithi. Mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi na mumewe. Tena, kwa wale walioandikisha ndoa bila kuchagua mpango mwingine wa mali, kile walichokipata pamoja ndani ya ndoa ni cha wote wawili, kwa hiyo nusu ya mama haiko katika urithi. Ni yake tangu zamani.

Na kabla ya sheria hiyo kuna Hesabu 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti watano wa Selofehadi, walisimama mbele ya Musa na mbele ya wakuu wote wakidai jina la baba yao lisipotee. Musa hakujibu kwa desturi. Alimwuliza Mungu, na Mungu akasema binti hao wana haki.

Shemeji yetu, mke wa mdogo wetu, naye alipata ujasiri wa kusema lililokuwa moyoni mwake. “Shemeji, msinielewe vibaya. Mungu atupe maisha marefu. Lakini kama siku moja nabaki peke yangu upande ule wa ukuta, karatasi itasema mimi ni nani?” Wote mnawajua wajane waliotupiwa vitu nje kabla arobaini haijaisha. Mara nyingi nyumba ile ilijengwa kwa jasho lake na mumewe, lakini juu ya udongo wenye jina la shemeji. Nyumba ya familia mbili yenye jina moja kwenye cheti ni mtego uliochimbwa na watu wanaopendana.

Njia tatu za kuandika udongo

Kabla ya kuomba ruhusa, familia ichague mojawapo ya njia hizi.

Ya kwanza ni kuandika majina ya warithi wote kwenye cheti kimoja. Ni rahisi kuanza, na hakuna anayeachwa nje. Ugumu wake ni kwamba kuuza, kuweka rehani au kubadili kitu kunahitaji sahihi za wote, na watoto wa watoto wakishaongezeka, sahihi zinakuwa nyingi.

Ya pili ni kuigawa lupango na kupata vyeti viwili. Mpima ardhi wa kadastre anapima upya, anaweka mawe ya mipaka, na konsevateri anafuta cheti cha zamani na kutoa vipya. Kila familia inasimama yenyewe. Lakini lupango ndogo ikikatwa, kila kipande kinaweza kukosa njia ya kuingilia, nafasi ya choo, au umbali wa kutosha kutoka ukuta wa jirani. Ni vizuri kuwauliza watu wa Urbanisme kabla ya kukata, siyo baada.

Ya tatu ni kuacha cheti kwa jina la mmoja, na kuandika mbele ya notari mapatano yanayompa mwingine haki ya kujenga na kukaa. Ni afadhali kuliko maneno matupu, lakini ni dhaifu kuliko zote kwa mjane na yatima, na hatuishauri isipokuwa kwa muda.

Sisi tulichagua ya kwanza. Kikao cha familia kilifanyika, dada zetu wakasafiri kuja, muhtasari ukaandikwa na kutiwa sahihi na wote. Tukachukua hati ya kifo cha baba, mahakama ikamthibitisha msimamizi wa urithi, na konsevateri akaandika cheti kipya chenye majina matano: mama, dada wawili na sisi wawili. Pembeni tuliandika kwa notari nani anakaa upande upi, kwamba nyumba ya mbele ni ya mama mpaka mwisho wa siku zake, kwamba mke na watoto wanabaki mahali pa mume akifa, na kwamba tutawalipa dada zetu kidogo kidogo kwa sehemu zao wanazotuachia. Dada mkubwa alisoma karatasi yote mara mbili, kisha akasema: “Sasa ninaweza kulala kwenu bila kujiona mgeni.”

Faili yenyewe

Kisha tukaenda kuomba ruhusa. Mlango wa kwanza wa kupiga hodi ni ofisi ya Urbanisme ya komini ambako lupango iko. Wao wanaeleza ni wakubwa gani watakaotia sahihi, kwa sababu hilo linategemea ukubwa wa jengo na ghorofa zake. Faili yetu ilikuwa na vitu hivi:

– barua ya maombi, inayosema wazi kwamba ni nyumba ya makao ya familia mbili;
– nakala ya cheti na za vitambulisho vya wenye majina;
– mchoro unaoonyesha mahali lupango ilipo katika mtaa;
– mchoro wa lupango nzima: nyumba ya mama, nyumba mpya, shimo la choo, kisima, njia ya kupitia, na umbali wa kila kimoja kutoka mipaka;
– ramani za vyumba, sura ya nyumba kwa nje, na mkato wake kutoka msingi hadi bati;
– maelezo ya vifaa na makadirio ya gharama.

Kama ni nyumba ya ghorofa, ongeza hesabu za beto na vyuma zilizofanywa na injinia. Michoro ifanywe na arshitekte anayetambulika. Tuliwahi kufikiri kuokoa pesa kwa kunakili ramani ya rafiki. Ramani ya rafiki haijui kisima cha jirani yako.

Mkaguzi atakuja kuona mahali penyewe. Kwa nyumba ya familia mbili alituuliza mambo manne. Je, kila familia ina njia yake ya kutoka wakati wa moto? Je, shimo la choo linatosha watu wote? Je, inabaki nafasi tupu ya hewa, mwanga na maji ya mvua? Je, madirisha yanatazama ndani ya uwanja wa jirani? Jibuni maswali hayo ninyi wenyewe kwanza, mkiwa na kamba ya kupimia, kabla mkaguzi hajafika. Fikirini pia umeme: ni afadhali kila mlango uwe na kompta yake ya SNEL, kwa sababu ndugu wengi waliovumiliana katika mambo makubwa wameshindwana juu ya bili.

Kuhusu pesa tunasema wazi. Ruhusa ina malipo halali. Ombeni noti ya malipo iliyoandikwa, lipeni benki, tunzeni risiti. Mtu akitaja kiasi kisicho na karatasi, mwulize kwa heshima: “Mkubwa, tuandikie noti, tutalipa leo.” Wengine watanyamaza. Wengine wataiweka faili chini ya nyingine, na mtarudi mara nyingi. Sisi tulirudi mara kumi na moja, na tangu kikao cha familia hadi ruhusa mkononi ilipita miezi kumi na minne. Hatuwaahidi njia fupi. Lakini katika ofisi zile tulikutana pia na wafanyakazi waaminifu, na mmoja wao alituonyesha kosa katika mchoro ambalo lingetugharimu ukuta mzima. Waombeeni watu hao. Wanafanya kazi mahali pagumu.

Ruhusa ikitoka, someni tarehe zilizoandikwa juu yake, tundikeni nakala mahali pa kazi, na jengeni kile kilichochorwa. Mkitaka kubadili, rudini kwanza ofisini. Na kumbukeni kwamba mliomba nyumba ya makao. Chumba cha mbele kikigeuzwa kuwa baa, gereji au duka kubwa, hayo ni matumizi mengine na ruhusa yake ni nyingine.

Neno kwa makanisa

Hapo inatupasa kujigeukia sisi wachungaji. Vyumba vingapi vya maombi vimefunguliwa katikati ya nyumba za watu, bila ruhusa, vikiwa na baffle zinazopiga mpaka alfajiri, huku mgonjwa wa jirani akitafuta usingizi? Viwanja vingapi vya makanisa vina cheti chenye jina la mchungaji aliyekufa, na leo watoto wake wanashtakiana na washarika? Hatuwezi kumfundisha muumini kuomba ruhusa ya nyumba yake wakati nyumba ya Mungu haina.

Tunapendekeza mambo mawili madogo. Kila usharika uwe na mtu mmoja au wawili, mwanasheria, mpima au mwashi mwenye ujuzi, wa kukaa na familia kabla hazijachimba msingi. Na mchungaji anapokwenda kufariji nyumba iliyofiwa, baada ya siku za kilio arudi aulize kwa upole: cheti kiko wapi, na kina majina ya nani? Hiyo nayo ni huduma ya wajane na yatima.

Yeremia alinunua shamba kule Anathothi wakati adui amekwisha kuuzingira mji. Alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati mbili, moja ya kutiwa muhuri na moja ya kubaki wazi, akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Wakati kila mtu alidhani karatasi hazina maana tena, nabii aliandika yake vizuri, kwa sababu aliamini kwamba siku zinakuja ambapo watu watakaa tena katika nchi ile. Wapendwa wa Goma, wa Bukavu, wa Uvira na kwingineko mlioacha nyumba zenu kwa sababu ya vita, tunajua neno hilo linawagusa kwa namna nyingine. Mahali popote mlipo, tunzeni hati zenu, na nakala zake ziweke mahali pa pili.

Ukuta wetu wenye rangi nyekundu tuliupaka lipu mwaka uliofuata. Siku ya kuingia, mzee jirani alikuja na viti vyake kwa sababu vyetu havikutosha, na maji ya kunywa tuliyowapa wageni yalitoka katika kisima chake.

Bwana aibariki nyumba yenu, na atufundishe kuhesabu vema kabla ya kujenga. Amina.